Maji Yanakula na Nyongeza

Pazia lilikuwa fupi, na hakuna aliyehitaji futi ili kulijua hilo. Lilining'inia kwenye reli yake juu ya kitanda cha mwisho katika wodi ya wazazi, jeupe, limetoka kuchemshwa na kupigwa pasi pale pale hospitali, na upindo wake wa chini ukaishia juu ya godoro kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Kwenye mguu wa kitanda, chini kidogo tu ya usawa wa godoro, palikuwa na mstari mwekundu wa rangi. Pazia lilitakiwa lifike kwenye mstari ule, nalo halikufika.

Matroni hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye saa iliyobanwa kifuani, na mtindo wake wa kumwonyesha mtu kosa ulikuwa kumwacha alione mwenyewe. Akamwomba Fundi avue viatu apande kitandani. Fundi akapanda, futi yake bado inamning'inia shingoni, akalala chali kama alivyoambiwa, na Matroni akalivuta pazia likazunguka pande zote.

"Unaona nini, fundi?"

Fundi akageuza shingo. Chini ya upindo alioushona kwa mikono yake aliona aproni ya muuguzi ikipita, kisha ndoo ya mfagiaji, kisha mkono wa baba mmoja aliyebeba chupa ya chai.

"Naona watu, Sista."

"Basi na wao wanakuona," Matroni alisema, na hapo ndipo uso ulipomwiva Fundi kwa aibu. Yeye mwenyewe alijifungua katika wodi ya namna hiyo. Alijua mtu anavyojisikia pale anapotaka kulia na kuna mkono wa mtu asiyemjua unapita na chupa ya chai.

Masharti ya kazi ile aliyajua tangu mwanzo. Kitambaa kilikuwa mali ya hospitali, pamba nene ambayo haijawahi kuona maji. Hakikutakiwa kufuliwa kabla ya kushonwa, maana mtu wa stoo hapokei kitu kilicholowa wala kilichokunjamana. Kitashonwa kikiwa kipya, kitaletwa, na hospitali yenyewe itakichemsha. Na kikichemshwa kitarudi. "Kinapungua asilimia ishirini ya urefu wake," mtu wa stoo alikuwa amemwambia. "Upana hausogei. Umeelewa?" Fundi akaitikia kwamba ameelewa, kumbe alichoelewa ni kwamba anatakiwa kuitikia.

Mafundi walioshindania mapazia ya hospitali nzima walikuwa wawili tu. Mwenzake, mwenye duka la kushonea lenye vioo mbele pale barabarani, duka la vioo kama walivyoliita, alikuwa ameogopa kupunguza akaongeza bila kupima, na pazia lake lilikuwa refu hata likafagia sakafu ya wodi. Matroni akawapa wote nafasi nyingine hadi Ijumaa. Kila mmoja alikuwa amebakiwa na kipande kimoja cha kitambaa, cha kutosha pazia moja na kidogo tu juu yake. Ukikosea kukikata, basi, hakuna kingine.

*

Fundi alikuwa mtu wa kuitikia, hasa neno asilimia lilipotajwa. Redio ikisema uwezekano wa mvua ni asilimia sitini, aliitikia, kisha akaanika nguo, kisha akalaani redio. Duka likibandika tangazo la punguzo la asilimia fulani, aliingia, akalipa alichoambiwa, akatoka amefurahi bila kujua amefurahia nini. Kwake asilimia lilikuwa neno la watu wa mezani, la kuwanyamazishia watu wa cherehani. Na kwa kuwa nyumbani alikuwa na binti ambaye shuleni walimwita Profesa, aliona hana sababu ya kujisumbua.

Profesa ndiye aliyepiga hesabu ya lile pazia la kwanza. Aliipiga amesimama, huku anatafuna, kama mtu anayefukuza nzi. Pazia liwe sentimita mia mbili. Linapungua asilimia ishirini. Asilimia ishirini ya mia mbili ni arobaini. Ongeza arobaini, unapata mia mbili arobaini, asante, naomba niende nikacheze. Mama mtu akashona urefu wa mia mbili arobaini, pindo zikiwa zimeshakunjwa, moyo mweupe kabisa.

Sasa alirudi nyumbani na aibu yake, akaikuta familia nzima imekusanyika uani kusikia habari njema. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ujia. Ujia huo ulikuwa kiwanda cha Fundi mchana na chumba cha kulala cha mama mkwe wake usiku, na bibi huyo alikuwa amezoea kulala miguu ikiwa chini ya cherehani na sindano za kupotea zikimtafuta. Kazi ya hospitali ingepatikana, wangepanga kile chumba cha mbele kinachotazama barabara, cherehani ikahamia huko, na bibi akapata kulala kama binadamu. Jambo hilo lilikuwa limezungumzwa nyumbani hata bibi akawa ameshachagua ukuta wa kuegemeza kitanda.

Fundi aliwaeleza yote, mpaka ule mkono na chupa ya chai. Kisha, kwa kuwa mtu akiumia hutafuta wa kumlaumu, akasema hospitali wamelichemsha kupita kiasi. Madobi ndivyo walivyo, akasema. Fundi anajenga, dobi anabomoa.

Sasa mume wake alikuwa dobi. Alikuwa na pipa lake la kuchemshia uani, kamba zake na pasi yake ya mkaa, na nusu ya mashati ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Mzaha wa fundi na dobi ulikuwa umedumu ndani ya ndoa hiyo miaka mingi, na kwa kawaida aliucheka. Safari hii aliweka pasi chini.

"Mama watoto, kitambaa kikisharudi kimerudi. Hata ukikichemsha mpaka kesho hakirudi tena. Wewe ulishona urefu gani?"

"Mia mbili arobaini. Mtoto alipiga hesabu. Mia mbili ya pazia, na arobaini ya kuliwa na maji."

"Na hiyo arobaini ya kuliwa, uliifunga kwenye mfuko isilowe?"

"Unasema nini wewe?"

"Nauliza tu. Maana maji hayajui ipi ni pazia na ipi ni nyongeza. Mimi nayatazama kila siku. Yanakula kote."

Profesa, aliyekuwa ameegemea mlango na uso wa mtu ambaye mambo haya hayamhusu, akajiinua taratibu. Akachukua kipande cha kaa lililozimika kwenye pasi ya baba yake, akachuchumaa, akaanza kuandika sakafuni. Asilimia ishirini, lakini sasa ya mia mbili arobaini. Arobaini na nane. Toa. Ikabaki mia moja tisini na mbili.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Pazia lilipungukiwa kiasi gani kufika kwenye mstari?"

"Sentimita nane. Nilipima mwenyewe."

Profesa akaonyesha sakafu kwa kidole cheusi. Nane ilikuwa pale, inawatazama. Mtoto yule machozi yalimlengalenga, kwa kuwa hakuwa amezoea kukosea na hakujua kosa linashikwaje. Akamwomba mama yake msamaha, na mama yake akamvuta kwapani akamwambia aache upuuzi, kama ni kosa basi wamelikosea wote wawili, mmoja kwa kujua haraka na mwingine kwa kukataa kujua.

*

Kulijua kosa kulikuwa raha, lakini raha hiyo haikudumu. Profesa alirudia kwa bidii: kama maji yamekula arobaini na nane, basi tuongeze arobaini na nane. Ikawa mia mbili arobaini na nane. Akapiga hesabu ya kurudi, na ikamletea mia moja tisini na nane na vipande. Bado fupi. Akaongeza tena kidogo. Bado fupi, kwa unywele tu.

"Tutafukuzana na maji hadi lini?" baba yake aliuliza.

"Kuna njia yake shuleni," Profesa alisema. "Tulifundishwa. Kuna herufi, unaivusha upande wa pili." Lakini alipoulizwa kwa nini herufi inavushwa, hakujua. Alijua tu kwamba ikivushwa mwalimu anaweka alama ya vyema.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akisikiliza kila neno. Alisema haoni ajabu ya kitambaa kurudi, hata yeye amerudi. Gauni alilovaa lilikuwa likimfika vifundoni alipoolewa, na leo linafagia ua, na hakuna aliyemchemsha. "Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, "kabla hamjalipima pazia, nipimeni mimi. Nimebaki asilimia ngapi?"

Wakacheka, hata Fundi aliyekuwa hataki. Na pengine ni kicheko hicho kilichomlegeza, kwa sababu mikono yake ilianza kufanya jambo ambalo kichwa hakijaiagiza. Kwenye kapu la masalio alikuwa na ukanda mwembamba wa kitambaa kile kile, uliotoka pembeni alipokata pazia la kwanza. Akautandaza mezani, akauwekea futi, akaukata kwenye mia kamili. Akampa mumewe.

"Nichemshie huu. Chemsha kama wanavyochemsha wao."

Dobi akauchemsha kwa heshima zote, kana kwamba ni shati la bwana harusi. Akautoa, akaukamua, akaupiga pasi mpaka ukakauka kabisa, akauleta juu ya viganja viwili. Fundi akauwekea futi. Themanini. Bila hata unywele kuzidi, themanini.

"Huyu alikuwa mia," Fundi alisema, akiushika ukanda kwenye ncha zake. "Akaenda kuoga, akarudi themanini."

"Ndiyo asilimia yenyewe hiyo, mama," Profesa alisema. "Kwenye kila mia, ishirini zimeondoka."

"Kwenye kila mia," Fundi alirudia. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa amempa asilimia mkononi aishike. Alimtazama binti yake, akautazama ukanda, kisha akachukua chaki na kuchora mezani mstari wa sentimita mia mbili, urefu wa pazia ambalo Matroni alilitaka. Akalaza ukanda mwanzoni mwa mstari. Ukanda mmoja. Akauhamisha. Ukanda wa pili. Ikabaki sehemu ndogo, akaukunja ukanda katikati, akaulaza, nao ukajaa pale bila kupungua wala kuzidi.

"Mbili na nusu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pazia likishaoga linataka kanda mbili na nusu za namna hii. Na kila ukanda, kabla ya kuoga, ulikuwa mia."

Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Walimtazama kama watu wanaomtazama mtoto anayesimama dede.

"Mia. Mia nyingine. Na nusu ya mia. Mia mbili na hamsini."

Profesa alikuwa ameshapiga magoti sakafuni na kaa lake. Asilimia ishirini ya mia mbili hamsini, hamsini. Toa hamsini. Akaandika mia mbili kwa tarakimu kubwa kiasi kwamba sifuri ya mwisho ikapanda ukutani. Alipoinuka alikuwa na masizi mpaka puani, na alimkumbatia mama yake hivyo hivyo, akamwachia alama kwenye blauzi. Fundi hakujali. Alikuwa na furaha ya kweli, ya mtu aliyedhani mlango fulani haukuwekwa kwa ajili yake, akasukuma tu, ukafunguka.

"Mimi niliona tangu mwanzo," Dobi alisema.

"Wewe ulichemsha tu," mkewe alimjibu, lakini alimmiminia chai kabla ya kila mtu.

*

Tangu siku hiyo hadi Ijumaa hapakuwa na amani katika nyumba ile. Fundi alikuwa amepata kitu kipya na alitaka kukitumia mahali pote. Simu ikionyesha chaji asilimia arobaini, alitangaza kwamba imekunywa sitini. Alisoma pakiti ya maziwa, akasoma chupa ya dawa ya kufulia, akamsomea na mumewe. Na alikuwa amegundua swali, swali moja dogo, lililowakosesha watu raha: ya nini?

Alipokwenda kununua nyuzi, mwenye duka alimwambia kuna punguzo la hadi asilimia thelathini. Zamani angeitikia. Sasa aliuliza asilimia thelathini ya nini, ya kila kitu au ya ule mzigo wa vifungo pale kwenye kona, na hiyo "hadi" inafanya nini hapo mbele. Mwenye duka akakohoa, akakiri kwamba ni vifungo, na nyuzi aliziuza bei ile ile ya siku zote, lakini kwa adabu zaidi.

Dobi naye hakusalimika. Alikuwa amepanda juu kuziba bati, na aliposhuka alijisifu kwamba amemaliza asilimia tisini.

"Ya matundu au ya maji?" mkewe alimuuliza.

Dobi akafikiri. Matundu madogo alikuwa ameyaziba yote. Limebaki moja tu, lile kubwa, juu ya kitanda. Akachukua ngazi akapanda tena, na bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

Hata hivyo, siku ya kukata ilipofika, hakuna aliyetania. Fundi alikata asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Bibi alishika ncha moja ya kitambaa, Profesa ncha nyingine, amechelewa shule na ameapa hatoki. Kipande kilichobaki kilikuwa kinatosha mia mbili na hamsini, na pindo zake, na sehemu ya kidole tu ya ziada. Fundi alipima, akapima tena. Aliweka mkasi, akaunyanyua. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakata kitu kwa hesabu aliyoielewa, na alishangaa kuona kwamba hofu ilikuwa kubwa zaidi kuliko alipokuwa anakata kwa hesabu ya mtu mwingine. Sasa kosa lingekuwa lake peke yake.

"Mkwe wangu," bibi alisema, "mimi mkono umechoka."

Fundi akakata.

*

Ijumaa hospitali walilichemsha pazia wakati Fundi na mumewe wakisubiri kwenye benchi la nje. Dobi alikuwa amevaa shati lake jeupe kuliko yote, kwa ajili ya heshima ya kazi yake zaidi kuliko ya mkewe. Mwenye duka la vioo alikuwa ameshatangulia, na walimwona akitoka na uso wa mtu aliyefaulu. Safari hii alikuwa amepima kwa makini, na pazia lake lilikuwa limekaa sawa. Fundi akamsalimia vizuri.

Walipoitwa wodini, pazia lilikuwa limeshatundikwa. Fundi hakuthubutu kutazama chini. Alimtazama mumewe, na mumewe, aliyekuwa anatazama mguu wa kitanda, alikuwa anatabasamu kama mjinga. Upindo ulikuwa umekaa juu ya mstari mwekundu na kuufunika.

Matroni aliinama. Akaupapasa upindo kwa vidole viwili. Halafu akasema lile lile alilosema mara ya kwanza, kwamba fundi avue viatu apande.

Fundi akapanda. Pazia likavutwa. Na wodi ikaondoka. Alisikia ndoo ya mfagiaji, alisikia viatu, alisikia mtoto mchanga akilalamika mahali fulani na mama yake akimbembeleza, lakini hakuona mkono wa mtu wala chupa ya chai. Palikuwa na yeye, na weupe, na mwanga uliochujwa ukawa mpole. Ghafla akataka kulia, na akajua kwamba angeweza kulia hapo na hakuna ambaye angemwona, kwa hiyo akalia kidogo.

"Unaona nini, fundi?"

"Sioni mtu, Sista."

"Na wewe, shemeji, unaona nini huko?"

"Simwoni mke wangu," Dobi alijibu, na sauti yake ilijaa majivuno.

Matroni akajisafisha koo. Alisema kutoka upande wa pili wa pazia kwamba kazi imempendeza, na mshono wenyewe umempita mwenzake. Lakini mwenzake naye amejirekebisha, na hospitali haipendi kumtegemea mtu mmoja. Kwa hiyo wameamua: Fundi atashona asilimia themanini ya mapazia, na mwenye duka la vioo atashona ishirini. Je, amekubali?

Mdomo wa Fundi ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo, Sista. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alilirudisha.

"Asilimia themanini ya nini, Sista? Ya wodi hii, au ya hospitali nzima?"

Dobi alikohoa kikohozi cha woga. Kisha Matroni, ambaye watu waliapa kwamba hajui kucheka, akatoa kicheko kifupi kama mtu aliyeshtukizwa nacho.

"Ya hospitali nzima," alisema. "Ghorofa zote mbili. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aulize."

Fundi alikuwa amelala chali na macho yake kwenye dari, vidole vyake vikicheza juu ya shuka. Kwenye kila mia, themanini. Kwenye kila kumi, nane. Kwenye kila vitanda vitano, vinne ni vyangu. Alianza na kitanda hiki, akapita kitanda kwa kitanda mpaka mlangoni, akapanda ngazi, akaingia wodi ya juu, na mwisho wa vitanda vyote akakiona kile chumba cha mbele kinachotazama barabara, na cherehani yake dirishani, na mama mkwe amenyoosha miguu mpaka mwisho wa kitanda chake.

"Fundi," Matroni aliita, "umelala?"

"Sijalala, Sista. Nahesabu. Nipeni dakika moja."

Nao wakampa.